Maswali ya Wasomaji: Je, Bomu la Nyuklia ni Ngao ya Mnyonge?

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zimehusu silaha za nyuklia na sera za mataifa yanayozimiliki, yanayozitafuta au yaliyokwisha kuzitupa. Tumechagua saba na kuzifupisha bila kugusa hoja zake. Majibu ni maoni ya mwandishi wa safu hii, wala si msimamo wa jarida.

SWALI: Mhariri, Gaddafi aliuacha mradi wake wa bomu, akauawa. Ukraine ilirudisha silaha zake, ikavamiwa. Kim Jong Un anazo, na marais wa Marekani wanasafiri kwenda kumpa mkono. Kwa nini tusikubali tu kwamba Kim ndiye aliyeisoma dunia vizuri? (Msomaji wa Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ndiyo hoja ya Pyongyang yenyewe. Machi 2011, ndege za mataifa ya Magharibi zilipoanza kuishambulia Libya, Wizara ya Mambo ya Nje ya Korea Kaskazini ilitoa tamko kwamba makubaliano ya kuinyang'anya Libya silaha yalikuwa mbinu ya kuiandalia uvamizi. Miaka saba baadaye, John Bolton, mshauri wa usalama wa Rais Trump, alipotaja hadharani mfano wa Libya kuwa ndio njia ya kufuatwa, mkutano wa Trump na Kim uliokuwa ukiandaliwa Singapore ulikaribia kuvunjika. Kwa hiyo si wewe peke yako unayefikiri hivyo, na sitakuambia kwamba hoja hiyo ni ya kipuuzi. Ninachosema ni kwamba imeunganisha mambo matatu yasiyofanana, ikaacha nje mengine mawili yanayoipinga.

Tuanze na Libya. Gaddafi alipotangaza Desemba 2003 kwamba anaacha mradi wake, hakuwa na bomu, bali alikuwa na vifaa alivyovinunua kwa siri kupitia mtandao wa mwanasayansi wa Pakistan, Abdul Qadeer Khan, na vingi vilikuwa bado ndani ya makasha. Kilichomwondoa kilianzia ndani, katika maasi ya Benghazi ya Februari 2011, na hata angekuwa na bomu asingeweza kulitupa juu ya mji wake mwenyewe. Hata hivyo, viongozi wa Magharibi waliokwenda kumwamkia hemani mwaka 2004 na kumsifu kwa uamuzi wake hawakumwekea dhamana yoyote, na walipogeuka mwaka 2011 hawakujali kwamba Tehran na Pyongyang walikuwa wakitazama. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa kosa kubwa la sera, na gharama yake bado inalipwa.

Ukraine ni habari nyingine kabisa. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, nchi hiyo ilijikuta na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu takriban 1,900, lakini mamlaka na namba za siri za kuvifyatulia zilikuwa Moscow. Tarehe 5 Desemba 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini hati ya kuahidi kuiheshimu mipaka yake, na hati hiyo haikuwa na kifungu hata kimoja cha kumlazimisha yeyote kuja kuipigania. Ikiwa ingetishiwa kwa silaha za nyuklia, waliotia saini waliahidi kulipeleka jambo hilo kwenye Baraza la Usalama, ambako Urusi ina kura ya turufu. Udhaifu ulikuwa hapo, na wanasheria wa Kyiv waliuona siku ile ile, ila nchi yao ilikuwa imefilisika na haikuwa na uwezo wa kuzitunza silaha ambazo isingeweza kuziamuru.

Sasa niyataje mawili uliyoyaacha. Kazakhstan ilibakiwa na vichwa zaidi ya 1,400 na uwanja wa Semipalatinsk, ambako Wasovieti walikuwa wamefanya majaribio zaidi ya 450 na kuwaachia wanavijiji wa jirani maradhi yanayorithiwa hadi leo. Uwanja huo ulifungwa tarehe 29 Agosti 1991, kichwa cha mwisho kikaondoka mwaka 1995, na nchi hiyo, ambayo majirani zake ni Urusi na Uchina, haijavamiwa. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita kisha ikayabomoa yenyewe, na Rais F. W. de Klerk akalieleza Bunge tarehe 24 Machi 1993, kazi ikiwa imekwisha. (Wengi wetu tunaamini kwamba hakuyabomoa kwa wema mtupu, kwani serikali ya Makaburu haikupenda kuyakabidhi kwa ANC, lakini yalibomolewa.) Anayedai kwamba kutupa bomu ni kujitia kitanzi hana budi kutueleza habari za Pretoria na za Almaty, uliokuwa mji mkuu wa Kazakhstan wakati ule.

Tubaki na Kim. Ni rais mmoja tu wa Marekani aliyekutana naye, yaani Donald Trump, Singapore mwaka 2018, kisha Hanoi na Panmunjom mwaka 2019. La msingi zaidi ni kwamba vita vya Korea vilisimama mwaka 1953, na jaribio la kwanza la bomu la Korea Kaskazini lilifanyika tarehe 9 Oktoba 2006. Kwa miaka 53 hapakuwa na bomu, wala hapakuwa na uvamizi. Kilichoilinda ni mizinga yake inayoweza kuifikia Seoul, jiji lililo kilomita 50 hivi kutoka mpakani, pamoja na Uchina iliyosimama nyuma yake. Bomu lilipokuja lilileta vikwazo vya Baraza la Usalama, na kufikia 2017 nchi hiyo ilikuwa imezuiwa hata kuuza makaa ya mawe yake. Ukoo wa Kim unaweza kusema umepata usalama. Mkulima wa Korea Kaskazini sidhani kama amepata chochote.

Na kuna sura ya historia hii ambayo wasomaji wachache huitaja. Mwaka 1994 serikali ya Bill Clinton ilikuwa ikifikiria kukipiga kinu cha nyuklia cha Korea Kaskazini kilichopo Yongbyon. Rais mstaafu Jimmy Carter akaenda Pyongyang mwezi Juni akaonana na Kim Il Sung, na Oktoba yakatiwa saini Geneva makubaliano ya kusimamisha kinu hicho mbele ya macho ya wakaguzi, huku Korea ikipewa tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka na kuahidiwa vinu viwili vya umeme. Kinu kilizimwa kwa miaka minane. Vinu vya umeme vilichelewa, Korea ikaanza kwa kificho njia ya pili ya kufikia bomu, yaani kurutubisha urani (kuichuja hadi ifae kwa bomu), na Marekani ilipoigundua mwaka 2002 ikakata mafuta. Wakaguzi walifukuzwa mwezi Desemba, na Januari 2003 Korea ikajitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizi. Pande zote mbili zilidanganyana, na bado naamini ingefaa zaidi kuulizana maswali makali huku wakaguzi wakiwa ndani kuliko kukata mafuta na kuwapoteza. Leo, baada ya majaribio sita na sheria ya Septemba 2022 inayoruhusu Korea kuanza kulitumia bomu, sitarajii kwamba Kim atalitoa. Lengo lenye akili ni kumfanya asimame alipo, asiongeze, asiuze.

SWALI: Sisi tulio Muscat tuko ng'ambo tu ya maji kutoka Iran. Juni 2025 tulikesha tukifuatilia habari za mabomu. Huku kila mtu na upande wake. Hebu tuelezeni bila ushabiki, nani aliyevunja makubaliano? (Msomaji wa Oman)

JIBU: Makubaliano ya Vienna ya tarehe 14 Julai 2015 yalivunjwa kwanza na Marekani. Iran ilikuwa imekubali kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67 na kutoweka akiba inayozidi kilo 300 kwa miaka 15, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliripoti mara kwa mara kwamba masharti yanatimizwa. Tarehe 8 Mei 2018 Rais Trump alijitoa na kurudisha vikwazo, ingawa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Uchina zilibaki. Iran ilingoja mwaka mmoja, kisha ikaanza kuyavuka masharti hatua kwa hatua, na Aprili 2021 ilianza kurutubisha hadi asilimia 60.

Kwa msomaji asiyezoea hesabu hizi: urani inapotoka ardhini, sehemu inayofaa kwa bomu ni asilimia 0.7 tu. Kinu cha umeme kwa kawaida hutaka asilimia 3 hadi 5, na bomu hutaka karibu 90. Mtu angedhani kwamba asilimia 60 bado ni mbali, lakini kazi kubwa ya kuchuja hufanyika mwanzoni, kwa hiyo aliyefika 60 amebakiza hatua fupi sana.

Bila ushabiki kunataka pia niseme kwamba Iran haikuwa imejisafisha. Mtambo wa Natanz ulijulikana mwaka 2002 kwa sababu wapinzani walio uhamishoni waliufichua, na ule wa Fordow, uliochimbwa chini ya mlima, ulitangazwa mwaka 2009 baada ya majasusi wa Magharibi kuugundua. Serikali inayosema haina la kuficha haipaswi kungoja ifichuliwe na wengine.

Kuhusu Juni 2025, ninyi mlioko Muscat mnalijua jambo hili kwa ukaribu kuliko mimi, kwa sababu serikali yenu ndiyo iliyokuwa mpatanishi kati ya Iran na Marekani tangu mwezi Aprili, kama ilivyopokea mazungumzo ya siri yaliyozaa makubaliano ya 2015. Duru ya sita ilipangwa kufanyika mjini kwenu tarehe 15 Juni. Israel ilishambulia tarehe 13, na Marekani ikazipiga Fordow, Natanz na Isfahan tarehe 22. Wapo wanaosema mabomu yale yaliurudisha mradi nyuma kwa miaka, na huenda ni kweli kwa upande wa mitambo. Lakini mwezi uliofuata Iran ilisimamisha kwa sheria ushirikiano wake na shirika la atomiki, wakaguzi wakaondoka Tehran, na zaidi ya kilo 400 za urani ya asilimia 60 zikabaki bila mtu wa nje wa kuzihesabu. Kabla ya hapo dunia ilijua ziko kiasi gani na ziko wapi. Kwangu mimi, anayebadilisha ujuzi huo kwa moshi wa siku 12 amefanya biashara mbaya.

SWALI: Ninafundisha historia kidato cha nne. Wanafunzi wananiuliza kwa nini mataifa matano yana ruhusa ya kumiliki kitu ambacho wengine wakikigusa wanawekewa vikwazo. Nakosa jibu la heshima. (Mwalimu wa Mombasa)

JIBU: Mwalimu, waambie ukweli kwamba mstari ulichorwa na waliokuwa wamekwisha vuka. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, uliofunguliwa kwa saini mwaka 1968 na kuanza kazi 1970, unaitambua kuwa nchi ya nyuklia ile tu iliyolipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na Uchina. India, Pakistan na Israel hazikujiunga kamwe. Waliobaki waliahidi kutozitafuta silaha hizo, nao wakaahidiwa msaada wa nyuklia ya amani na, katika kifungu cha sita, kwamba wakubwa watajadiliana kwa nia njema hadi silaha ziishe.

Zimepungua, na wanafunzi wako wanastahili kulijua hilo pia. Katikati ya miaka ya 1980 vilikuwapo vichwa karibu 70,000 duniani. Leo ni takriban 12,000, na karibu tisa ya kumi viko Urusi na Marekani. Hata hivyo kupunguza si kumaliza, na wote wenye silaha hizo wanatumia fedha nyingi kuzifanya mpya. Mataifa 122 yalipopitisha mkataba wa kuzipiga marufuku kabisa mwaka 2017, hakuna hata mmoja wa wenye nazo aliyeshiriki. Huo ni unafiki, na sioni sababu ya kuufunika mbele ya vijana.

Ila usiwaache hapo. Machi 1963 Rais Kennedy alisema anaiona hatari ya kuwa na mataifa 15, 20 au hata 25 yenye silaha hizi ifikapo miaka ya 1970. Zaidi ya miaka 60 imepita na tunayo tisa. Mkataba usio wa haki umezuia mengi, na mwanafunzi anayeweza kuishika kweli hiyo pamoja na ile ya unafiki atakuwa amefaulu zaidi ya mtihani wa taifa.

SWALI: Wazee wetu wa Katanga husimulia kwamba bomu la Hiroshima lilitoka kwetu. Ni kweli, au ni hadithi? Na kama ni kweli, mbona sauti yetu haisikiki katika mambo haya? (Msomaji wa Lubumbashi)

JIBU: Ni kweli kabisa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la kwanza ilichimbwa Shinkolobwe na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mawe yake yalikuwa na utajiri usio wa kawaida, mengine yakiwa na zaidi ya nusu ya oksaidi ya urani, wakati migodi ya Amerika ilikuwa ikitoa chini ya asilimia moja. Mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 hadi New York mwaka 1940 kwa kuogopa Wajerumani, zikakaa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua mwaka 1942. Watu wa Katanga walioyachimba na kuyapakia hawakuambiwa ni mawe ya nini, na jina la mgodi lilifichwa kwa makusudi. Mwaka 2004, miongo mingi baada ya mgodi kufungwa rasmi, sehemu yake iliporomoka na kuwaua wachimbaji wadogo waliokuwa wakitafuta kobalti.

Sauti yenu ipo, ila haitumiki ipasavyo. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, uliofunguliwa kwa saini mwaka 1996, hauwezi kuanza kazi hadi uridhiwe na nchi 44 zilizotajwa kwa majina, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mojawapo, kwa sababu ilikuwa na kinu cha utafiti pale Kinshasa. Kongo imekwisha kuuridhia. Marekani na Uchina bado, na Urusi iliyokuwa imeuridhia ilifuta uamuzi wake Novemba 2023. Waziri wa Kongo akisimama kwenye Umoja wa Mataifa, New York, na kueleza habari za Shinkolobwe, kisha akawauliza wakubwa hao wanangoja nini, sidhani kama kuna nchi nyingine ya Afrika yenye haki kubwa zaidi ya kuuliza swali hilo.

Na kwa kuwa urani sasa inaendelezwa pia Namtumbo, mkoani Ruvuma, kwa ubia na kampuni ya Kirusi, ushauri wangu kwa majirani zenu Watanzania ni mmoja: mkataba wa mauzo usomeke hadharani, ili raia ajue mzigo unakwenda nchi gani na chini ya ukaguzi wa nani. Urani ghafi haiwezi kulipuka, lakini Shinkolobwe inaonyesha mtu anavyoweza kuchimba bila kujua anachangia nini.

SWALI: Korea Kaskazini iliwahi kuwafundisha polisi wetu, baadaye tukaambiwa urafiki wa kijeshi umekwisha. Tuliamriwa na nani? (Msomaji wa Kampala)

JIBU: Na Baraza la Usalama, kwa maazimio yanayozibana nchi zote. Mei 2016, Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipozuru Kampala, Rais Museveni alikubali kusitisha ushirikiano wa kijeshi na kipolisi na Pyongyang. Fedha za mikataba ya namna hiyo barani Afrika zilisaidia kuigharimia serikali inayotengeneza bomu, ndiyo maana jambo lililoonekana dogo Kampala lilikuwa zito New York. Wala si Uganda peke yake iliyoguswa, kwani mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilipatikana zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, na usajili huo ukafutwa. Nchi maskini ikikosa kuangalia nani anatumia bendera yake, huingia katika ugomvi usio wake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kila rais anapotishia kutumia nyuklia, simu yangu hujaa jumbe za mwisho wa dunia. Je, niogope? (Msomaji wa Iringa)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiogope kwa sababu ya maneno. Agosti 2017 Trump aliitishia Korea kwa moto ambao dunia haijapata kuuona, na mwaka haukupita kabla hajampa Kim mkono. Februari 2022 Putin aliamuru vikosi vyake vya nyuklia viwekwe katika hali maalumu ya tahadhari, siku tatu tu baada ya kuivamia Ukraine. Vitisho vya namna hii kwanza ni ujumbe kwa mtu wa tatu, kwamba asiingilie. Sisemi havina hatari, nasema hatari yake haiko hapo anapoielekeza msemaji.

Iko katika makosa. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, mitambo ya Kisovieti ilionyesha kwamba makombora matano yamerushwa kutoka Marekani. Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamu, aliamua kuripoti kwamba ni hitilafu, kwa sababu aliona haiingii akilini Marekani ianze vita kwa makombora matano. Alikuwa sahihi, satelaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Januari 1995 roketi ya Norway ya kuchunguza anga ilidhaniwa kuwa kombora, na mkoba wa Rais Yeltsin wa Urusi, ule wa kuamuru mashambulizi ya nyuklia, ukafunguliwa. Machi 2022 India ilirusha kombora ndani ya Pakistan kwa bahati mbaya. Halikuwa na kichwa cha nyuklia, na Pakistan ilijizuia.

Kwa hiyo, unaposoma habari hizi, tazama kama watu bado wanasemezana. India na Pakistan zimepeana orodha ya mitambo yao ya nyuklia kila tarehe 1 Januari tangu 1992, hata katika miaka waliyokuwa wakipigana risasi mpakani, kwa ahadi ya kutoishambulia. Moscow na Washington zimekuwa na mawasiliano ya moja kwa moja tangu 1963, baada ya kuponea chupuchupu katika mgogoro wa makombora ya Cuba. Februari 2023 Urusi iliposimamisha ushiriki wake katika mkataba wa kupunguza silaha za masafa marefu, na kwa hiyo wakaguzi wa Marekani wakakosa njia ya kurudi kwenye kambi zake, hakuna aliyetoa kitisho cha kujaza simu yako. Mimi siku hiyo ndiyo niliyokosa usingizi.

SWALI: Nyerere alikuwa akisikilizwa duniani kuhusu amani. Leo nchi zetu zinaweza kufanya nini, zaidi ya kusikitika? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Mwaka 1984 Mwalimu aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki kuwataka wenye silaha wasimamishe majaribio na utengenezaji. Kilichonivutia si wito, maana wito ni rahisi kuutoa. Wakubwa walikuwa wakisema kwamba majaribio hayawezi kusimamishwa kwa kuwa hakuna wa kuhakikisha. Mwaka 1986, huko Ixtapa, Mexico, viongozi wa nchi hizo walijibu kwa kutoa wataalamu wa nchi zao wasaidie kazi hiyo ya uhakiki. Kisingizio kikaondolewa.

Leo kazi hiyo inafanywa na mtandao wa vituo vya mkataba wa 1996 niliomwambia msomaji wa Lubumbashi, na baadhi viko kwetu. Kilimambogo nchini Kenya kuna kituo kinachopima mitikisiko ya ardhi, Nairobi kuna kinachosikiliza mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio, na Dar es Salaam kuna kinachonusa chembe za mionzi hewani. Vituo vya mtandao huo duniani ndivyo vilivyonasa majaribio yote sita ya Korea Kaskazini. Afrika nayo ina mkataba wake wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha hizi, na ulianza kazi tarehe 15 Julai 2009 baada ya Burundi kuwa nchi ya 28 kuuridhia. Hakuna aliyeidharau Burundi siku hiyo kwa udogo wake.

Oktoba 2025 Trump alisema ameagiza majaribio ya silaha za nyuklia yaanze tena kwa usawa na mataifa mengine. Kama ningekuwa mshauri wa serikali mojawapo ya Afrika Mashariki, ningeishauri ihakikishe kwamba vituo hivyo vina umeme, vipuri na mafundi wanaolipwa kwa wakati, kisha iombe, pamoja na Kongo na Kazakhstan, kikao maalumu cha Baraza Kuu kuhusu majaribio, na ipeleke kikaoni wahandisi wa vituo pamoja na mabalozi. Balozi atasema tunapinga. Mhandisi ataweka mezani karatasi ya mtikisiko, yenye saa na mahali, na hiyo si rahisi kuijibu kwa hotuba.